Jina la Haugen: lilikotoka, lilivyosambaa, na namna ya kujua nani ni ndugu

Swali: Mume wangu ni Mnorwe na watoto wetu wanatumia jina lake la ukoo, Haugen. Tunazo karatasi tatu za babu wa babu yake. Kumbukumbu ya ubatizo ya miaka ya 1860 inamwita Ole tu, mtoto wa Anders. Sensa ya 1891 inamwandika Lien. Sensa ya 1900 inamwandika Haugen. Juzi familia ya Haugen ya Minnesota, Marekani, imetuandikia ikisema sisi ni ukoo mmoja nao. Jina hili lilianzia wapi, na nitajuaje kama kweli ni ndugu zetu? (Mama wa watoto wawili, Arusha)

Jibu: Mama, karatasi zako hazipingani. Zote tatu zinaweza kuwa za mtu mmoja na zikawa sahihi. Kwa wakulima wa Norwe, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, Haugen ilikuwa anwani. Mtu alipohama shamba aliliacha jina pale pale, akaitwa kwa shamba alilohamia. Ndiyo maana anayetafuta ukoo wa Kinorwe kwa kufuata jina hupotea mapema, na anayefuata shamba hufika.

Jina kamili la mkulima lilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni jina alilopewa, Ole. Ya pili ni jina la baba likiongezwa -sen kwa mwanamume au -datter kwa mwanamke, kwa hiyo Ole mtoto wa Anders ni Ole Andersen, na dada yake ni Andersdatter. Watoto wa Ole hawawi Andersen. Wanakuwa Olsen na Olsdatter. Kwa Mtanzania hili si geni, maana nasi tunabeba jina la baba na kila kizazi kinasogeza moja mbele. Mke naye hakubadilisha kitu alipoolewa, alibaki binti wa baba yake mpaka kaburini, na hilo ni msaada mkubwa kwako kwa sababu mama zake Ole hawajafichwa nyuma ya majina ya waume zao. Sehemu ya tatu ni shamba. Kasisi au mwandishi wa sensa aliliandika mwishoni ili kumtofautisha huyu Ole Andersen na wengine wanne au watano wa parokia ile ile. Kwenye ubatizo mtoto aliandikwa jina lake moja tu, na shamba likaandikwa upande wa wazazi. Rudi kwenye picha ya ukurasa ule uangalie safu ya wazazi. Huenda shamba alilozaliwa Ole limekuwa mbele ya macho yako muda wote.

Sasa jina lenyewe. Haug ni kijilima, mwinuko mdogo wa ardhi, na herufi -en mwishoni humaanisha kwamba ni kile kijilima ambacho kila jirani anakijua. Neno la kale ni haugr. Linataja pia kaburi la zamani lililorundikiwa udongo na mawe, na jina peke yake haliwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Kama unataka kujua, tafuta shamba lenu kwenye Kulturminnesøk, ramani ya wazi ya mambo ya kale ya Norwe, uone kama kuna kaburi lililosajiliwa jirani na nyumba. Lien aliyotoka Ole ni ubavu wa mlima, mteremko. Kwa hiyo kati ya 1891 na 1900 aliondoka mtelemkoni akaenda kilimani, na safari hiyo inaweza kuwa ya kilomita mbili tu ndani ya bonde moja.

Ndugu wa jina hili ni wengi, na tofauti zao zina maana. Haug bila kiambishi kwa kawaida ni shamba la zamani zaidi. Hauge, linalosikika zaidi magharibi, limetokana na umbo la kale lililotumika baada ya neno la mahali, yaani mtu aliyekaa "kwenye kilima". Haugan, Haugane na Haugene ni wingi, vilima, na Haugan ni la kawaida upande wa Trøndelag. Haugland ni ardhi ya kilimani, na Haugerud ni msitu uliofyekwa hapo. Anayejulikana kuliko wote ni mhubiri Hans Nielsen Hauge, aliyezaliwa mwaka 1771 katika shamba la Hauge huko Rolvsøy, kusini mashariki mwa nchi. Uamsho aliouanzisha ndio uliolea vyama vya misheni vya Kilutheri vya Norwe, ukiwemo ule uliojenga hospitali ya Haydom kule Mbulu katika miaka ya 1950. Lakini Hauge na Haugen si ukoo mmoja kwa sababu ya kufanana majina.

Kiambishi -en kinastahili kutazamwa vizuri, maana kinakueleza hali ya maisha ya watu wa mume wako. Mashamba makubwa ya kale yana majina mafupi yasiyo nacho. Majina yenye kiambishi mengi ni ya baadaye, na mara nyingi ni ya vipande vilivyomegwa kutoka shamba kubwa au ya husmannsplass. Husmann alikuwa mkulima asiye na ardhi yake: alipewa kibanda na kipande cha kulima juu ya ardhi ya mwenye shamba, naye akalipa kwa siku za kazi. Norwe ilikuwa na watu kama 880,000 mwaka 1801. Mwaka 1865 walifika milioni 1.7. Ardhi ya kulimika haikuongezeka hivyo, na desturi ya urithi iliyompa mtoto mmoja shamba zima iliwaacha ndugu zake watafute pa kukaa. Vibanda vipya vikaota pembeni, kwenye mteremko, kando ya kijito, juu ya kijilima ambako jembe halikupita vizuri. Kila kimoja kikaitwa kwa kilichoonekana: Lien, Bekken, Bakken, Moen, Haugen.

Na vijilima havina uhaba Norwe. Mashamba na vibanda vilivyoitwa Haugen ni mamia, karibu kila bonde la mashariki na la kati lina vyake, na parokia moja inaweza kuwa na vitatu. Kila kimoja kilipata jina lake chenyewe, bila kuhusiana na kingine. Hakuna Haugen wa kwanza aliyezaa Haugen wote. Hapo tayari nusu ya swali lako limejibiwa: jina likifanana, bado hujapata ushahidi wa damu.

Anwani ikawaje jina la ukoo? Mijini ilianza mapema. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 watu wa Oslo, iliyoitwa Kristiania wakati huo, na wa miji mingine walianza kuyagandisha majina yao, ndipo unapokutana na mwanamke anayeitwa Andersen badala ya Andersdatter. Vijijini iliendelea ya zamani mpaka sheria ya majina ya tarehe 9 Februari 1923, iliyotaka kila familia iwe na jina moja la kudumu la kurithishwa. Wengine walichukua la baba lililoishia na -sen, wengine la shamba walilokuwa wakiishi wakati huo. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiwa Haugen na mwingine kahamia Moen, waliweza kuanzisha koo mbili zenye majina mawili. Kwa familia yenu, mtoto wa Ole, yaani baba wa babu wa mume wako, huenda ndiye wa kwanza kulibeba Haugen kama jina lisilohama tena. Leo Haugen liko kati ya majina 20 ya ukoo yenye watu wengi zaidi Norwe, pamoja na Berg, Hagen na Dahl, na yote hayo ni ya ardhi.

Usambaaji wa nje ya nchi ulianza kabla ya sheria hiyo, na hapo ndipo watu wa Minnesota wanapoingia. Merikebu ndogo Restauration iliondoka Stavanger Julai 1825 na watu 52, ikafika New York Oktoba. Katika miaka 100 iliyofuata Wanorwe wapatao 800,000 walihamia Amerika Kaskazini, wengi wakilowea Wisconsin, Iowa, Minnesota na Dakota mbili. Kule walilazimika kuwa na jina la kudumu mapema kuliko waliobaki nyumbani. Sehemu iliyojaa Wanorwe ilikuwa na akina Anderson na Olson tele, barua zikapotea na madeni yakachanganywa, kwa hiyo wengi wakaongeza jina la shamba waliloliacha. Hawa walilibeba shamba hata bila kukaa juu yake tena. Nils Pederson Haugen, aliyezaliwa Modum mwaka 1849 na baadaye kuwa mbunge wa Wisconsin katika Bunge la Marekani, anabeba jina la baba katikati na la shamba mwishoni, namna ile ile ya kijijini. Kijiji cha Haugen huko Wisconsin kimepewa jina lake: kilima kilimpa mtu jina, mtu naye akaipa ardhi nyingine. Gilbert Haugen, mbunge wa Iowa kwa zaidi ya miaka 30, alizaliwa Wisconsin mwaka 1859. Usiwaunganishe wawili hawa kwa sababu tu wote waliitwa Haugen na wote walikuwa wabunge.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa michezo ya majira ya baridi ya Chamonix, 1924. Nafasi ya tatu katika kuruka kwa skii alipewa Thorleif Haug wa Norwe, na ya nne Anders Haugen wa Marekani, aliyezaliwa Bø, Telemark, mwaka 1888. Miaka 50 baadaye ikagundulika kwamba hesabu ya pointi ilikosewa, na mwaka 1974 binti wa Haug alimkabidhi Haugen, mzee wa miaka 85, medali ya shaba. Haug na Haugen, kilima na kilima, katika shindano moja, kila mmoja na shamba lake la asili.

Utasikia pia kwamba makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York, ndio waliobadilisha majina ya wahamiaji. Usiijenge nasaba yako juu ya hadithi hiyo. Makarani walifanya kazi na orodha zilizoandikwa na kampuni za meli huko watu walikopandia, na kituo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1892, wakati sehemu kubwa ya Wanorwe walikuwa wameshafika. Majina yalibadilishwa na wenyewe, polepole, kwa miaka.

Tuje kwenye kazi. Chombo chako kikuu ni Digitalarkivet, tovuti ya hifadhi ya taifa ya Norwe, ya bure na inayofunguka kutoka Arusha bila kizuizi. Ina sensa za watu kwa majina za 1801, 1865, 1875, 1891, 1900, 1910 na 1920, na picha za vitabu vya kanisa. Ya 1930 itafunguliwa 2030, kwa kuwa sensa hufungwa miaka 100.

Anzia sensa ya 1910, hata kama tayari una ya 1900. Ya 1910 ina tarehe kamili ya kuzaliwa, siku na mwezi, na hiyo ndiyo inayomtenganisha Ole Andersen wako na wenzake. Ilinganishe na kumbukumbu ya ubatizo uliyo nayo. Tarehe zikilingana, umempata mtu wako, na Lien na Haugen zinabaki kuwa makazi yake mawili. Zisipolingana, simama hapo usiendelee kupanda juu. Kosa la kizazi hiki litakuletea mababu wa watu wengine.

Kisha chukua namba ya shamba. Tangu daftari la ardhi la 1886 kila shamba la Norwe lina gårdsnummer, namba ya shamba mama, na bruksnummer, namba ya kipande, zikiandikwa kwa kufuatana kama 45/3. Namba hizi zinatumika mpaka leo, na ukiziingiza kwenye ramani ya taifa ya Norgeskart pamoja na jina la manispaa utaona nyumba ilipo. Sensa za 1891, 1900 na 1910 zinazitumia. Za 1865 na 1875 zina namba za daftari la 1838, ambazo ni tofauti kabisa. Daftari la 1886 linaorodhesha za zamani na mpya pamoja, kwa hiyo litumie kuvukia. Manispaa nyingi zimeunganishwa, hasa mwaka 2020, na namba za mashamba zikabadilishwa baadhi ya sehemu, hivyo andika daima mwaka pamoja na namba.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Husmannsplass haikuwa na namba yake. Iliandikwa chini ya namba ya shamba mama, pengine kwa neno plass au kifupi cha pl. Ukikuta Haugen yenye namba ile ile na shamba kubwa lenye jina tofauti, hiyo ni dalili kubwa kwamba Ole alikuwa kibandani kwa mwenye shamba. Katika vitabu vya kanisa basi mtu huyo huyo anaweza kuandikwa Haugen mwaka mmoja na jina la shamba kubwa mwaka wa pili, kutegemea kasisi alivyosikia.

Kuhama kwa Ole kutoka Lien kwenda Haugen kuna sababu, na sababu ya kwanza ya kuchunguza ni ndoa. Mwanamume aliyeoa binti mrithi au mjane mwenye shamba alihamia kwa mke na kuchukua jina la shamba la mke. Mtafute mke wake katika sensa ya 1875 au 1891. Kama yeye ndiye aliyekulia Haugen, basi jina la watoto wako limetoka kwa mwanamke huyo, na ukoo wa Haugen unaoutafuta ni wa wazazi wake. Kama naye alitoka kwingine, angalia hati za ardhi au kitabu cha historia ya kijiji, bygdebok, kinachoeleza shamba baada ya shamba nani alikaa, lini, na alikuwa mtoto wa nani. Vingi vimewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Norwe, ila vyenye hakimiliki hufunguka kwa mtu aliye ndani ya Norwe tu. Mwombe shemeji au mkwe aliye huko akusomee kurasa za shamba lenu. Ni kazi ya jioni moja.

Katika vitabu vya kanisa usisome safu ya mtoto na wazazi peke yake. Safu ya wasimamizi wa ubatizo, faddere, huwa na watu kama watano, kila mmoja na shamba lake, na wengi wao ni kaka na dada za wazazi. Wasimamizi watatu wakitoka shamba moja ambalo hulijui, kuna uwezekano mkubwa ndiko mama wa mtoto alikozaliwa. Mwandiko ni wa kigothi wa zamani na utakusumbua wiki za mwanzo. Mara nyingi kuna nakala mbili, ya kasisi na ya karani wa kanisa, klokkerbok, kwa hiyo neno lisilosomeka katika moja litafute katika nyingine. Tahajia usiibane: kwa sababu ya uandishi wa Kidenishi utakutana na Houg, Hougen na Haugen za mahali pamoja. Umri wa 1801 nao kwa kawaida umehesabiwa kwa mwaka unaoendelea, hivyo mtu wa 45 alikuwa ametimiza 44.

Ukitaka kujua jina la shamba liliandikwaje karne zilizopita, fungua Norske Gaardnavne ya Oluf Rygh, mwanaakiolojia aliyekuwa katika kamati iliyoundwa mwaka 1878 kusahihisha majina ya mashamba. Majuzuu yake yalianza kutoka mwaka 1897, yamepangwa kwa mikoa na parokia, na yako mtandaoni. Usikate tamaa usipokikuta kibanda chenu humo, maana amefuata daftari la ardhi.

Kwa watu wa Minnesota, usiwajibu ndiyo wala hapana. Waulize mambo matatu: parokia aliyotoka mhamiaji wao, shamba aliloondokea, na jina la baba yake kama lilivyo kwenye -sen. Wakikujibu "Norwe" peke yake, hawajawa na dai. Wasipojua parokia, waelekeze kwenye daftari la kanisa lao la Kilutheri la huko, ambalo mara nyingi liliandika mahali pa kuzaliwa kwa usahihi kuliko serikali. Halafu wewe utafute kuondoka kwake katika safu ya waliohama, utflyttede, ya kitabu cha parokia, na katika madaftari ya polisi ya wahamiaji, ambayo ya zamani zaidi yanaanzia 1867.

Matokeo yanaweza kuwa ya namna tatu. Parokia tofauti: hakuna ushahidi wa undugu, tukomee hapo. Parokia moja na shamba moja lakini miaka tofauti: huenda ni watu waliopishana kwenye kibanda kimoja, mmoja akiingia mwingine akitoka, na hilo hutokea sana kwa Haugen. Parokia moja, na baba yake mhamiaji ni huyo huyo Anders: hapo ni ndugu hata kama mmoja wao angeitwa Lien. Kwa sababu hiyo hiyo, ndugu wa kweli wa Ole waliovuka bahari wanaweza kuwa Marekani leo kwa jina la Lien au Anderson, na hawatakuandikia kamwe kwa sababu hawajui waitafute Haugen. Watafute wewe kwa kuanzia na watoto wa Anders katika sensa ya 1865 na 1875, mmoja mmoja, uone nani anatoweka.

Kipimo cha DNA kitasaidia kidogo tu. Kama Anders ndiye babu wa pamoja, mume wako na mtu wa rika lake huko Minnesota ni binamu wa daraja la nne, na kwa umbali huo karibu nusu ya watu hawaonyeshi sehemu yoyote ya pamoja kwenye kipimo cha kawaida. Kukosa kulingana hakuvunji undugu. Ikiwa pande zote mbili zinashuka kwa wanaume mfululizo hadi kwa Anders, kipimo cha kromosomu Y kina nguvu zaidi, lakini kifanyike baada ya karatasi kuonyesha shamba moja.

Na kuhusu watoto: chini ya sheria ya majina ya Norwe iliyoanza kutumika Januari 2003, jina linalobebwa na watu 200 au chini yao linalindwa na huwezi kulichukua bila ridhaa ya wenyewe. Haugen limepita mbali idadi hiyo, yeyote anaweza kuliomba. Ukikutana na Haugen kijana huko Oslo, kwanza muulize kama alizaliwa nalo.